Siku Kiunzi Kilipokataa Neno la Kotile

Nilianza kazi siku ya Jumatatu, saa mbili kasoro dakika tano asubuhi. Saa hiyo naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimesimama nje ya mlango nikiitazama kwenye simu, nikingoja ifike saa mbili kamili nisije nikaingia mapema na kuulizwa maswali. Mlango ulifunguliwa kabla. Mhandisi Mkuu alitoka na kikombe mkononi, akanitazama, akasema, "Wewe ndiye Hodan? Ingia basi, huo mlango hauumi."

Nawaandikia nyinyi wa chama cha kompyuta mliobaki shuleni, kwa kuwa mwalimu ameniambia kwamba mmoja wenu atakalia dawati nililoliacha. Najua mtacheka kuona mtu wa miaka kumi na minane akiandika kumbukumbu za kazi kama mzee aliyestaafu. Chekeni tu. Nilifanya kazi tangu nilipomaliza mtihani wa kidato cha nne mpaka chuo kiliponiita, nikashika madawati matatu chini ya wakubwa wawili, na kuna kitu nilichokiandika ambacho hadi leo kinafanya kazi mchana na usiku bila mimi. Acha nijivune kidogo.

Lakini kwanza niseme jambo moja, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Herufi p inanikataa. Kwetu mtaa wa Waberi tunaongea Kisomali, na Kisomali hakina p, kwa hiyo ulimi wangu ukiiona unachukua b. Mlio wakubwa kidogo mmewahi kusikia habari ya kidato changu cha kwanza, niliposimama kusoma kwa sauti habari ya mpishi na pilau yake, darasa likacheka hadi mwalimu naye akageukia ubao mabega yakimtikisika. Tangu siku hiyo nilijifunza kuyazunguka maneno. Sisemi napenda, nasema nataka. Sisemi pesa, nasema shilingi. Sisemi hapana, natikisa kichwa. Watu hudhani mimi ni mkimya, kumbe natafuta neno lisilo na p, na nikilipata mazungumzo yameshahama. Ndiyo maana naandika shajara. Kwenye karatasi p yangu ni p kama ya mtu yeyote.

Siku ile ya kwanza, saa ya chai, Mama Wanza mwenye kibanda cha chini alipanda ngazi na sinia. Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vitambaa. "Mgeni, chapati ama mandazi?" akaniuliza.

"Mandazi," nikasema.

Mandazi siyapendi. Niliyala kila siku ya kazi.

Dawati langu la kwanza lilikuwa la simu. Kampuni yetu ilitengeneza mfumo wa kuomba chanjo ya mifugo. Kijiji kinatuma ujumbe kwamba mbuzi wanahitaji chanjo ya sotoka. Ombi linakwenda kwa daktari wa mifugo, analikubali, dozi zinatengwa kwenye friji, gari linapangwa, daktari anakwenda na kuchanja, mwisho mtu wa kamati ya kijiji anajibu kwa ujumbe mfupi kuthibitisha kwamba wamepata. Mlolongo huo wa hatua, moja ikiikabidhi kazi nyingine, unaitwa mtiririko wa kazi. Na ile programu kubwa iliyoubeba, ambayo watengenezaji wengine duniani nao huitumia kujengea huduma zao, tuliiita kiunzi, kwa sababu ni kama miti ya nyumba kabla ya kukandika udongo. Kuta ni zako, lakini bila miti hazisimami.

Maandishi tunayoyaandika ndani ya kiunzi ni msimbo, ila watu wa kazi hiyo huyaita kodi. Mama yangu aliposikia kwamba nafanya kazi ya kodi, alimwambia jirani. Wiki ile wenye maduka wa mtaani walinisalimu kwa heshima ambayo sijaipata tena.

Mkubwa wangu kwenye simu alikuwa Meneja wa Huduma, mwanamke wa Takaba ambaye sote tulimwita Abaayo Sahra, yaani dada. Ulimi wake ni kama wangu, ila yeye hajali. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema "bolisi" mbele ya polisi, na polisi akamjibu vizuri tu. Alinifundisha kazi kwa maneno machache. "Simu ikilia mara tatu hujashika," aliniambia, "mchungaji ameshamwambia jirani yake hawa watu wa ofisi wamelala. Shika. Salimia yeye, watoto, mbuzi. Halafu uliza shida. Bole bole."

Nikashika. Kwa Kisomali mimi si mkimya hata kidogo, kwa hiyo dawati lile nililipenda. Lakini Mhandisi Mkuu alikuwa akinitazama kupitia mlango uliokuwa wazi, na siku moja akaniita.

Huyu Mhandisi Mkuu ni mtu wa Murang'a, mrefu, mwenye sweta hata jua la Garissa likiwa limewasha mabati. Alisema, "Hodan, wewe ukipewa fomu unauliza kwa nini. Watu kama wewe tunawaweka kwenye majaribio. Kazi yako itakuwa kuharibu."

"Kuharibu nini?"

"Kila kitu ninachotengeneza. Ukishindwa kukiharibu, tunawapa watu."

Hilo ndilo dawati langu la pili, na nililihamia wakati toleo jipya la kiunzi lilipotoka. Sikilizeni vizuri hapa, maana ndiyo kazi mtakayoikuta. Toleo la zamani lilikuwa na tabia ya kusahau. Umeme ukipotea katikati ya mtiririko, na mnajua umeme wetu, mfumo ukiamka ulianza upya tangu mwanzo: dozi zinatengwa mara ya pili, daktari anaitwa mara ya pili. Toleo jipya linaandika kila hatua inapokwisha, kisha ndipo linakwenda mbele. Likizimwa, likiamka linasoma lilipofika na kuendelea.

"Chomoa," Mhandisi aliniambia, akinionyesha waya wa seva yetu ya majaribio.

"Sasa hivi? Iko hatua ya tatu."

"Ndiyo maana nasema sasa hivi."

Nikachomoa. Taa zikafa. Nikachomeka. Tukasubiri, na kwenye skrini ikaja hatua ya nne, gari linapangwa, kama vile hakuna kilichotokea. Nilichomoa waya ule mara nyingi sana wiki ile, hata Abaayo Sahra akawa akipita anasema, "Huyu msichana analibwa kwa kuzima stima."

Jambo jingine jipya ni namna ya kujaribu tena. Zamani ujumbe ukishindwa kwenda, mfumo uliusukuma na kuusukuma mpaka mtandao unachoka. Sasa unajaribu, unangoja kidogo, unajaribu, unangoja zaidi, kama mtu mwenye adabu anayepiga hodi. Kulikuwa pia na saa ya kusubiri. Mtiririko unaweza kukaa unangoja jibu la mtu, hata wiki, bila kula nguvu ya seva. Na saa hiyo ikiisha bila jibu, kuna kitu kinaitwa fidia. Fidia inarudi nyuma hatua kwa hatua ikifungua kilichofungwa: gari linaachiliwa, dozi zinarudi kwenye hesabu ya friji, wengine wanapewa. Niliiona ni akili nzuri sana. Chanjo haikai ikimngojea mtu ambaye hayupo.

La mwisho lilikuwa ukaguzi wa ishara. Ishara ni lile jibu ambalo mtiririko unalingoja. Toleo la zamani lilipokea chochote kutoka kwenye simu ya kamati; hata mtoto akibonyeza herufi moja kwa bahati mbaya, ombi lilifungwa kwamba limekamilika. Toleo jipya linataka neno lenyewe, na neno letu tangu mwanzo lilikuwa TUMEPATA. Nililijaribu. Nilituma TUMEPAT, likakataliwa. Nilituma HUJAMBO, likakataliwa. Nilituma TUMEPATA, likapita. Nikatia sahihi kwamba nimeshindwa kuliharibu. Mhandisi akatia yake chini ya yangu, na toleo jipya likaingia kazini.

Siku chache baadaye kijiji cha Kotile kikawa chekundu kwenye skrini.

Awamu ya kwanza ya chanjo ya Kotile ilikuwa imefanyika. Gari lilikwenda, tuliliona. Awamu ya pili ilikuwa ya mbuzi waliokuwa malisho ya mbali, na gari lilitakiwa kuondoka kesho yake alfajiri. Lakini kwenye skrini ya Mhandisi mtiririko wa Kotile ulikuwa bado unangoja uthibitisho wa awamu ya kwanza, na saa yake ya kusubiri ilikuwa inaisha alasiri ile ile. Ikiisha, fidia inaanza. Dozi za Kotile zinakwenda kwingine.

"Biga simu Kotile," Abaayo Sahra akaniambia.

Nilipiga. Simu ya kamati ya Kotile huwa kwa mama mmoja, Eddo Halima. Eddo ni shangazi, ndivyo tunavyomwita mwanamke wa rika lake hata kama si ndugu. Tuliongea Kisomali, nawaandikia kwa Kiswahili.

"Gari lilikuja," akasema. "Daktari alikunywa chai kwangu, akaomba tena. Na nikajibu siku ile ile."

"Ulijibu neno gani, Eddo?"

"Si lile mlilotuambia? Tumebata."

Sikusikia kosa lolote. Ndiyo, nasema kweli, sikusikia. "Sawa," nikamwambia. Kisha yeye akaniuliza, "Kesho gari linakuja? Maana watu wameshawaleta mbuzi. Wametembea nao kutoka mbali, na hapa majani yamekwisha. Wakikosa kesho watawarudisha, na walioko huko wameanza kukohoa."

Niliwaambia wakubwa kwamba Kotile wamejibu. Mhandisi akatazama. "Seva inasema kuna jibu lililokataliwa, ila hailionyeshi. Labda mtandao umekata maneno." Abaayo Sahra akasema labda simu iko kwa mtoto. Daktari wa mifugo naye alikuwa akingoja kwenye simu ya mezani, anataka kujua barafu ya Kotile aipange ama asiipange.

Nikampigia Eddo tena, nikamwomba anisomee neno lake herufi moja moja.

"T," akasema. "U. M. E. B..."

"B?"

"B ya biyo." Biyo ni maji. "Kwani wewe unataka ipi?"

"Ile nyingine, Eddo."

"Ipi nyingine? Mwalimu wetu wa jioni alitufundisha herufi zote. Hakuna aliyoificha."

Na ni kweli. Eddo Halima alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika darasa la wanawake, kwa Kisomali. Alipewa herufi zote za lugha yake, akazimaliza, na p haimo. Aliandika neno letu sawasawa na alivyolisikia.

Sasa ikabaki kuwaambia wakubwa. Nilisimama mlangoni nikitafuta njia ya kuzunguka, kama kawaida yangu, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na njia. Shida yenyewe ilikuwa herufi ile.

"Mhandisi," nikasema. "Wameandika tumebata."

"Ndiyo, si ndilo neno? Tumepata."

"La. Tumebata."

Akageuka. "Hodan, ndicho nilichosema."

Nikamtazama Abaayo Sahra anisaidie. "Mtoto anasema wamebata," akamwambia Mhandisi, "na wewe unasema hawajabata. Sasa nani mwongo?"

Hapo nikaelewa. Abaayo Sahra haisikii tofauti kwa sababu ulimi wake ni wangu. Mhandisi haisikii kwa sababu ameishi nasi miaka mingi mpaka sikio lake linatusahihisha lenyewe. Ofisini mle ni kiunzi peke yake kilichosikia. Na daktari kwenye simu alikuwa akiita, halo, halo.

"Mhandisi, nisikilize mimi," nikasema. "Mimi nasema chabati. Sisemi vile mnavyosema nyinyi. Ndiyo maana kila siku nakula mandazi."

Hakuna aliyecheka. Mhandisi akachukua simu yake na kuandika TUMEBATA, akalituma kwenye seva ya majaribio. Likakataliwa. Akaitazama skrini muda mfupi, akasema polepole, "Mimi nilipokuwa Nairobi niliandika fairi badala ya faili ndani ya kodi. R mahali pa l. Nilitafuta kosa siku nzima nikiwa nalisoma sawa kila mara." Akakivuta kiti cha pili karibu na chake. "Kaa. Na wewe Sahra, mwambie daktari apange barafu ya Kotile."

"Na kama saa ikiisha?" akauliza Abaayo Sahra.

"Ndiyo maana nimesema akae."

Hilo ndilo dawati langu la tatu, na sikuliomba. Abaayo Sahra alitaka tuzipigie kamati zote tuzifundishe kuandika p. Mhandisi alitaka tuongeze TUMEBATA liwe neno la pili. Nikasema, na sijui ujasiri niliutoa wapi, kwamba tukiongeza hilo, kesho atakuja mwingine wa lugha nyingine na herufi yake. Kwa nini neno liwe letu? Anayejibu ni wao. Kila kamati ichague neno lake, na mfumo ulikumbuke.

"Inawezekana?" Abaayo Sahra akamuuliza Mhandisi.

"Kwa toleo la zamani isingewezekana," akasema. Toleo jipya lina nafasi, kabla ya ukaguzi wa ishara, ambapo unaweza kuweka kipande kidogo cha msimbo kisimame kama bawabu: kinalipokea jibu, kinatazama limetoka simu gani, kinaligeuza kuwa ishara ambayo mtiririko unaijua, kisha kinaliruhusu. Mhandisi aliniambia la kuandika mwanzoni, baadaye akanyamaza akaniacha niandike mwenyewe, akinyoosha kidole tu nilipokosea mabano. Akauliza kipande kiitwe nani, maana kila kipande lazima kiwe na jina. Nikakiita Masikio.

Nilijaribu kukiharibu kama nilivyozoea. Hakikuharibika. Nikachomoa waya mara moja, kwa ajili ya kujiridhisha.

"Eddo," nikasema kwenye simu, "chagua neno. Lako mwenyewe, lolote, ila liwe moja."

"Mnanipa mtihani tena?"

"Mtihani umeshapita. Sasa mwenye kutunga ni wewe."

Akafikiri. Nilisikia mbuzi nyuma yake, wengi mno. "Riyo," akasema. Riyo ni mbuzi. "Kazi si ni ya mbuzi?"

Tuliliandika. Akalituma. Sote watatu tulikuwa tumeinamia skrini moja, na mwadhini wa msikiti wa sokoni alikuwa ameshaanza adhana ya alasiri, ndipo Kotile ikageuka kijani na hatua iliyofuata ikaandikwa chini yake: awamu ya pili, gari limepangwa. Abaayo Sahra akasema alhamdulillahi, akaenda kutawadha. Mhandisi akanyoosha mgongo wake mrefu. "Umeliharibu toleo jipya na umelitengeneza," akaniambia. "Mshahara ni ule ule."

Gari liliondoka alfajiri. Jioni yake Kotile walituma RIYO, kisha wakatuma RIYO tena, nadhani kwa furaha. Masikio yakalipokea la kwanza na kuliacha la pili lipite zake.

Baada ya hapo tulizipigia kamati nyingine, na hiyo ndiyo kazi niliyoifurahia kuliko zote. Wengine walichagua CHAI. Wengine walichagua jina la ngamia wao. Jamaa za Abaayo Sahra kule Takaba walichagua HARAKA, naye akasema wanamsema yeye. Mtakapokalia dawati lile mtayakuta maneno hayo yote, na msije mkayasahihisha.

Siku yangu ya mwisho hakukuwa na sherehe, na nilishukuru. Abaayo Sahra alinipa shungi jipya la kujitanda, la rangi ya machungwa, akaniambia nisilikunje vibaya. Mhandisi aliniuliza chuoni nitasoma nini. Nikamwambia, kompyuta. Akasema, "Watakufundisha kwamba kompyuta haikosei. Usibishane nao. Wewe nenda ukachomoe waya." Kisha akaniomba nimfundishe atakayefuata namna ya kuharibu, na ndiyo sababu mnayasoma haya.

Nimeyawaza sana tangu nilipokabidhi ufunguo. Katika kazi ile nilikuwa na wakubwa wazuri na kiunzi kizuri, na vyote viwili vilinidai kitu kimoja ambacho nilikuwa nimekificha tangu kidato cha kwanza. Sikupona. P bado inanikataa. Ila sasa najua kwamba siku ile nilipoitamka vibaya mbele ya watu, mbuzi wa Kotile walichanjwa, na hilo ni jambo ambalo p nzuri ya mtu mwingine haikulifanya.

Asubuhi iliyofuata niliamka mapema ingawa sikuwa na kazi ya kwenda. Nilivaa lile shungi jipya, nikatembea kutoka Waberi mpaka kwenye kibanda chini ya ofisi. Mama Wanza alikuwa anageuza kitu kwenye kikaango, na watu wengine wanne walikuwa wamekaa kwenye benchi. Aliponiona akafungua ndoo ya mandazi bila kuuliza.

"La, Mama Wanza," nikasema, na sikupunguza sauti. "Chabati. Mbili."

"Za kubeba ama utakaa?"

Nikakaa.